Kimelea cha Taifodi Kinapokosa Alama Yake

Salmonella Typhi, bakteria anayeleta homa ya matumbo, hana makazi mengine duniani ila mwili wa binadamu. Haishi kwa kuku wala kwa ng'ombe, na majini hupita tu akiwa njiani kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Wanasayansi waliposoma vinasaba vya sampuli zake kutoka mabara mbalimbali waliona kwamba zinakaribiana mno, maana zote zimetokana na mzazi mmoja. Ukimlinganisha na jamaa zake wa Salmonella, ambao wamegawanyika katika aina zaidi ya 2,500, Typhi ni kimelea chenye sura moja. Hata hivyo maandishi ya kitabibu tangu karne iliyopita yamejaa taarifa za taifodi isiyo ya kawaida: yenye alama ngeni huko Indonesia, isiyo na utando wake huko Pakistani, isiyosikia dawa kuanzia Vietnam hadi Malawi. Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba ugeni huo, kwa sehemu kubwa, unatokana na vyombo vyetu wenyewe. Kila kipimo, kila dawa na kila chanjo ya taifodi imeegemea alama moja au mbili za bakteria huyu. Anayeikosa alama hiyo huonekana wa ajabu, na mara nyingi zaidi haonekani kabisa. Kwa nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako taifodi hutajwa kila siku katika zahanati na kuthibitishwa kwa nadra, jambo hili lina uzito wa maisha ya watu.

Tuanze na alama zenyewe. Ukuta wa nje wa Typhi una sukari ambayo maabara huitambua kwa herufi O na namba 9. Vijimkia anavyoogelea navyo vina protini iitwayo H, na karibu kote duniani protini hiyo ni ya aina moja, iliyopewa herufi d. Juu ya hivyo vyote amejifunika utando mwembamba wa sukari unaoitwa Vi, uliotambuliwa na Felix na Pitt mwaka 1934. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa Paris mwaka 1896 na ambacho bado kinafanyika katika vituo vingi vya afya vya ukanda huu, hutafuta kingamwili za mgonjwa dhidi ya O na H. Mwaka 1938 huko Kanada, Craigie na Yen walibuni njia ya kuwagawa Typhi katika makundi kwa kutumia virusi vinavyowashambulia bakteria kwa kung'ang'ania Vi, na kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kufuatilia milipuko. Ilipotokea taifodi Aberdeen, Scotland, mwaka 1964, wakaugua mamia ya watu kutokana na nyama ya kopo iliyotoka Argentina, kundi la kimelea lililotambuliwa kwa virusi hivyo lilielekeza kidole Amerika ya Kusini. Ilikuwa kazi ya kusifika. Lakini kimelea kisicho na Vi hakikuweza kuingia katika jedwali lile hata kidogo. Kiliandikwa kwamba hakina kundi na uchunguzi ukaishia hapo.

Mfano ulio safi kuliko yote wa ugeni usio na madhara unatoka Indonesia. Huko wapo Typhi ambao vijimkia vyao havina alama d, bali j. Uchunguzi wa jeni ulionyesha mwaka 1989 jinsi hilo lilivyotokea: kipande cha herufi 261 kimekatika katikati ya jeni ya protini ya kijimkia, ncha mbili zikaungana, na protini ikaendelea kufanya kazi yake ikiwa fupi kidogo. Wapo wengine wenye alama ya z66, walioripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na kwa muda mrefu haikueleweka jeni yake inakaa wapi. Jibu lilipopatikana mwaka 2007 lilikuwa la kustaajabisha: jeni hiyo imebebwa na plasmidi, yaani kipande cha vinasaba kinachojitegemea nje ya kromosomu, iliyonyooka kama uzi, wakati plasmidi za bakteria wa jamii hii kwa kawaida ni duara. Mtafiti wa vinasaba ana kila sababu ya kulifurahia jambo hilo. Mgonjwa wa Jakarta, kwa upande wake, anaugua taifodi ile ile, anapona kwa dawa zile zile, na kama asipotibiwa utumbo wake unaweza kutoboka vile vile. Kilichobadilika ni kwamba seramu yake, ikipimwa upande wa H kwa kitendanishi cha d peke yake, inaweza isionyeshe kitu. Kwa hiyo ugeni huu ni wa maabara, na tangu ulipojulikana umebaki kwa kiasi kikubwa ndani ya Indonesia. Nautaja mapema kwa sababu unatuzuia kudhani kwamba kila kimelea chenye alama ngeni ni cha hatari zaidi.

Utando wa Vi ni habari nyingine, na hapa inafaa kukaa kidogo. Jeni zake zimo katika kipande kikubwa cha vinasaba chenye herufi takribani 134,000, na kipande hicho kina tabia ya kuchomoka chote kwa pamoja. Kikichomoka, bakteria hubaki hai, huzaana, ila hana utando tena. Mtaalamu wa maabara hukutana na matatizo mawili ya Vi juu ya kigae kimoja cha kioo. La kwanza ni pale anapochukua koloni changa kutoka kwenye sahani, akaichanganya na maji ya chumvi, akadondosha seramu ya O9 na kuitikisa polepole akisubiri chembechembe zigande. Hazigandi, kwa sababu utando wa Vi umeifunika O isiguswe. Akiuchemsha mchanganyiko ule kwa dakika kadhaa, utando unatoka, na tone jipya la seramu linaganda mara moja. Asiyejua hatua hii hutupa sahani yenye taifodi akiamini si Salmonella. Tatizo la pili ni kinyume chake: koloni zikihamishwa mara kwa mara kutoka sahani hadi sahani, au zikiwekwa miaka mingi ghalani, Vi hupotea humo humo maabara. Mtu akiipima miezi sita baadaye akakuta hakuna Vi, hawezi kusema kama kimelea kilitoka hivyo kwa mgonjwa au kimevuliwa utando na mikono ya watu. Ripoti kadhaa za zamani za taifodi isiyo na Vi zina shaka hii, na ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa eneo la Faisalabad, Pakistani, ilikuwa na maana kubwa. Watafiti walitafuta Vi moja kwa moja katika damu ya wagonjwa, kabla sahani hazijapata nafasi ya kuharibu ushahidi, na wakaona kwamba vimelea visivyo na Vi vipo kweli ndani ya damu ya watu, ingawa ni vichache.

Je, Typhi asiye na Vi anaweza kumlaza mtu kitandani? Jibu la majaribio lilipatikana Maryland, Marekani, katika utafiti wa miaka ya 1960 uliochapishwa mwaka 1970, ambapo watu waliojitolea walinyweshwa kiasi kilichopimwa cha bakteria. Kwa dozi ile ile ya milioni 10, wenye Vi waliwafanya waugue takribani nusu ya walionyweshwa, na wasio na Vi takribani robo. Maana yake Vi humsaidia bakteria sana, kwa kumficha asigunduliwe mapema na kinga ya mwili, lakini si sharti la ugonjwa. Ushahidi mkubwa zaidi haukuhitaji jaribio lolote: Paratyphi A, ndugu anayeleta homa ya matumbo isiyotofautishika na taifodi kitandani pa mgonjwa, hana Vi kabisa, na anawafanya watu wengi waugue kusini mwa Asia kila mwaka. Paratyphi C anayo, Paratyphi A na B hawana, na wote watatu wanaleta homa ya aina moja. Upande wa chanjo pia kuna somo. Chanjo ya kumeza ya Ty21a imetengenezwa kwa bakteria hai aliyedhoofishwa ambaye hana Vi, na bado inakinga kwa kiasi. Basi kinga dhidi ya taifodi haipiti mlango mmoja, hata kama sisi kwa sasa tumeamua kulinda mlango mmoja.

Mlango huo ni chanjo ya Vi iliyounganishwa na protini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2017. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, nami naliona ni zito. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa wasio na Vi ni wachache hivyo, na chanjo inafanya kazi vizuri, kuna haja gani ya kuwatisha watu? Matokeo ya chanjo kweli ni ya kutia moyo. Blantyre, Malawi, watoto zaidi ya 28,000 wa miezi 9 hadi miaka 12 waliingizwa katika jaribio ambalo lilionyesha kinga ya takribani asilimia 80, na baada ya miaka zaidi ya minne bado ilikuwa karibu 78. Hyderabad, Pakistani, katikati ya mlipuko wa taifodi sugu, chanjo ilizuia asilimia 97 ya maambukizi ya kimelea hicho sugu kwa watoto. Ningekuwa na sauti katika wizara yoyote ya afya ningesema ichukuliwe leo. Ila hoja ya uchache inasahau kwamba wingi wa aina fulani ya bakteria hutegemea mazingira yake. Asiye na Vi alikuwa mchache katika dunia ambayo kuwa na Vi kulikuwa faida tupu. Mamilioni ya watoto wakishakuwa na kingamwili dhidi ya Vi, faida hiyo inageuka kuwa mzigo, na hesabu ya nani atazaliana inaanza upya. Inawezekana gharama ya kupoteza Vi ni kubwa mno kiasi kwamba bakteria hao hawatafika mbali. Matokeo ya Malawi na Pakistani mpaka sasa yanaelekea upande huo. Lakini hilo ni jambo la kupima mwaka hadi mwaka, na upimaji huo unataka damu ioteshwe, kisha koloni ichunguzwe ikiwa changa. Hakuna njia ya mkato.

Chanjo hiyo ina athari nyingine isiyozungumzwa sana. Taifodi huendelea kuishi kwa sababu ya wachukuzi, watu waliopona au ambao hawakuhisi kuumwa, na ambao bakteria amejificha kwenye nyongo yao na kutoka nao chooni kwa miaka. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyetambuliwa mwaka 1907, ndiye aliyeifanya dunia iwajue. Kwa muda mrefu dalili mojawapo ya kumshuku mchukuzi imekuwa kiwango kikubwa cha kingamwili za Vi katika damu yake. Ukishawachanja watu wote, kila mtu anazo, na dalili hiyo inakufa. Sitoi hoja hii kupinga chanjo. Naitoa kuonyesha kwamba kila tunapoegemeza chombo kipya juu ya alama moja, chombo cha zamani kilichoegemea alama hiyo hiyo kinapoteza macho, na lazima kingine kiandaliwe mahali pake.

Ugeni uliowaua watu wengi kuliko aina zote nilizozitaja, hata hivyo, hauonekani kwenye kigae wala kwa seramu yoyote. Kloramfenikoli ilianza kutibu taifodi mwaka 1948, na kwa miaka zaidi ya 20 ilikuwa kana kwamba jambo limekwisha. Mwaka 1972 ukaja mlipuko mkubwa wa Mexico uliokuwa sugu kwa dawa hiyo, na usugu ukaripotiwa Vietnam na India kipindi hicho hicho. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walishaenea Asia Typhi wasiosikia kloramfenikoli, ampisilini wala Septrini, dawa tatu ambazo kila duka la dawa lilikuwa nazo. Wengi wao walikuwa wa ukoo mmoja ulioitwa H58. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliosoma jenomu za sampuli 1,832 kutoka nchi 63, ulikuta karibu nusu ni H58, na ukaonyesha kwamba ukoo huo ulianzia kusini mwa Asia ndani ya miongo michache tu iliyopita kisha ukavuka bahari kuja Afrika Mashariki. Haukuja mara moja. Kazi zilizofuata, zikiwemo za watafiti wa Kenya waliochunguza wagonjwa na wachukuzi wa Nairobi, zimeonyesha uliingia zaidi ya mara moja, na kila ulipoingia ulitulia na kuzaa matawi yake ya hapa hapa. Njia hiyo ya bahari na anga kati ya pwani yetu, Ghuba na Bara Hindi ina karne nyingi za biashara na udugu. Bakteria amesafiri ndani ya watu kama alivyosafiri siku zote.

Kilichotokea Blantyre kinaeleza kwa ufupi maana ya neno "kawaida". Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, ambako damu ya wagonjwa wa homa imekuwa ikioteshwa kwa utaratibu tangu mwaka 1998, wastani wa wagonjwa wa taifodi waliothibitishwa hadi mwaka 2010 ulikuwa 14 kwa mwaka. Mwaka 2011 wakawa 67. Mwaka 2013 walikuwa 782, na asilimia 97 ya vimelea vyao vilikuwa sugu kwa dawa zote tatu, ilhali kabla ya hapo usugu huo haukufika hata asilimia 7. Ndani ya miaka mitatu kimelea kilichokuwa kigeni kikawa ndicho taifodi ya mji, na kile cha zamani kikawa nadra. Tunalijua hilo kwa sababu moja tu: chupa za kuoteshea damu zilikuwa zinajazwa kila siku miaka yote ile ambapo taifodi ilionekana si tatizo. Mji wa jirani usio na utaratibu huo ungeweza kupitia mageuzi yale yale bila mtu kugundua, ila kwa kuona makaburi yameongezeka na dawa hazifanyi kazi. Na miji ya namna hiyo Afrika ni mingi mno.

Hatua iliyofuata ilionyesha jinsi bakteria anavyohitaji kidogo tu ili atushinde. Novemba 2016 huko Hyderabad, jimbo la Sindh, walionekana wagonjwa ambao kimelea chao, kwa asili H58 sugu kwa zile tatu, kilikuwa kimepokea plasmidi moja zaidi, ya aina inayojulikana pia kwa bakteria wengine wa matumboni. Plasmidi hiyo ilibeba jeni ya kuivunja seftriaksoni na nyingine ya kupunguza makali ya siprofloksasini. Kwa safari moja dawa zote za kawaida zikawa zimekwisha isipokuwa azithromaisini ya vidonge na sindano ghali za hospitali kubwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 wagonjwa wa aina hiyo Sindh walikuwa wamezidi 5,000, na Novemba 2019 Pakistani ikawa nchi ya kwanza kuingiza chanjo mpya katika ratiba yake ya kawaida. Azithromaisini nayo haiko salama: Bangladesh wamepatikana Typhi ambao badiliko la sehemu moja tu katika pampu yao ya kutoa sumu limetosha kuwafanya waistahimili. Hakuna plasmidi, hakuna kipande kikubwa kilichohama. Kosa moja la kunakili, likachaguliwa na dawa yenyewe.

Hapa narudi nyumbani, kwenye zahanati, na kwenye pingamizi la pili. Tabibu mwenye foleni ya wagonjwa 60 atasema, na ana haki ya kusema, kwamba hana nafasi ya mjadala wa H58 na Vi. Ana mtu mwenye homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na kipimo cha Widal kinatoa jibu leo kwa bei ambayo mgonjwa anaimudu. Shida ni kile ambacho jibu lile linasema. Cheti kinachosomeka O 1:160 kinaeleza kwamba mtu huyu ana kingamwili. Hakisemi zilitoka kwa ugonjwa wa leo, wa mwaka juzi, au kwa Salmonella mwingine kabisa aliyemharisha siku mbili. Ni sawa na kumtafuta mwizi sokoni kwa rangi ya shati. Kipimo hicho kilikusudiwa kufanywa mara mbili, kwa tofauti ya siku kadhaa, ili kuona kama kiwango kinapanda, na kufanywa mahali ambapo kiwango cha watu wazima wa afya kinajulikana. Kinavyofanywa kwetu, mara moja tu, kinazalisha wagonjwa wa taifodi wengi kuliko taifodi iliyopo, na kila mmoja wao anaondoka na siprofloksasini au sindano za seftriaksoni. Dawa hizo zinapita matumboni mwa watu wasio na taifodi na kuwalea humo bakteria wengine wenye plasmidi sugu. Ile plasmidi ya Hyderabad ilitoka katika ghala la namna hiyo.

Kumlaumu tabibu hakusaidii, maana njia mbadala ina ugumu wake wa kweli. Katika damu ya mgonjwa wa taifodi bakteria ni wachache kuliko watu wanavyodhani, kwa kawaida kama mmoja tu katika kila mililita. Ukimtoa mtoto mililita mbili unaweza kabisa kuchota damu isiyo na bakteria hata mmoja, na kama mama alishampa antibayotiki kutoka duka la dawa asubuhi ile, uwezekano wa kumpata unapungua zaidi. Ndiyo maana hata maabara bora huwapata takribani 60 tu kati ya kila wagonjwa 100 wa kweli, na jibu huchukua siku mbili au zaidi. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, basi, kuotesha damu si jibu la haraka, na sidai kwamba kila zahanati iwe na mashine hiyo. Ninachodai ni tofauti: kwamba kila mkoa uwe na angalau maabara moja inayootesha damu bila kukatika, ijue kuchemsha koloni kabla ya kuitupa, itunze sampuli katika baridi kali na kuzituma zisomwe jenomu, ili tabibu wa zahanati aandikiwe dawa ya kuanzia kwa kile kinachoendelea mkoani mwake. Faida ya chupa ile inakwenda kwa mgonjwa wa mwezi ujao. Utafiti wa Pemba ulikuta kwamba miongoni mwa bakteria waliooteshwa kutoka damu za wagonjwa, Typhi aliongoza kwa mbali. Kibera, jijini Nairobi, palipimwa kiwango cha wagonjwa 247 waliothibitishwa kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali Lwak, kijijini magharibi mwa Kenya, kilikuwa 29. Takwimu mbili za nchi moja zinapotofautiana mara nane, mwongozo mmoja wa taifa unaotegemea makisio hauwezi kuzifaa zote mbili.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolipenda zaidi kwa sababu liko karibu na ukweli. Linasema: haya yote ni kuzunguka, leteni maji safi na vyoo, na aina zote za bakteria, zenye Vi na zisizo na Vi, sugu na zisizo sugu, zitakwisha pamoja. Historia inalishuhudia. Miji ya Ulaya na Marekani ilipoanza kuchuja maji na kuyatia klorini mwanzoni mwa karne ya 20, taifodi ilianguka kabla antibayotiki yoyote haijagunduliwa. Klorini haijali herufi za vijimkia. Naikubali hoja hii, tena naiona inatia nguvu ya kwangu, kwa kuwa maji safi ndicho chombo pekee kisichoegemea alama yoyote ya bakteria na kwa hiyo hakina mlango wa kukikwepa. Kampala mwaka 2015 ilipata mlipuko wenye washukiwa zaidi ya 10,000 katikati ya mji mkuu, miongoni mwa watu waliokunywa maji na juisi za barabarani. Hakuna chanjo wala dawa ambayo ingeufaa mji ule kuliko bomba lisilovuja karibu na mtaro. Kinachoniudhi ni hoja hii inapotumiwa kuahirisha mengine. Wilaya ya Kasese, Uganda, tangu Desemba 2007, walihesabiwa katika mlipuko mmoja wagonjwa 577, na 249 kati yao walitoboka utumbo, 47 walikufa. Bomba la Kasese lingechukua miaka kujengwa. Mtoto aliyetoboka utumbo alihitaji chanjo mwaka uliotangulia, na dawa sahihi wiki iliyotangulia.

Lipo jambo la mwisho linalonitia wasiwasi kuliko mengine, nalo ni Paratyphi A. Hadi sasa ni nadra Afrika, na hakuna anayeweza kutoa sababu ya kibaiolojia ya kumzuia asije, ikiwa H58 imekuja mara kadhaa kwa njia zile zile za wasafiri. Chanjo ya Vi haimgusi. Akitua katika mji ambao watoto wake wamechanjwa, zahanati zitaona homa ile ile, watu watasema chanjo imeshindwa, na imani iliyojengwa kwa jasho itamomonyoka kwa kosa ambalo chanjo haikulifanya. Njia ya kuthibitisha kwamba haikulifanya ni koloni iliyokua kwenye sahani na kutajwa jina lake. Malawi ilianza kuchanja taifa zima mwaka 2023, na Kenya ikaanza Julai 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Maswali ambayo nchi hizo zitaulizwa baada ya miaka mitano yanajulikana tangu sasa: je, wasio na Vi wameongezeka? Je, H58 imepungua au imebadili tawi? Je, Paratyphi A amefika? Kila moja la maswali hayo linahitaji kulinganishwa na hali ya kabla ya sindano ya kwanza. Malawi ina friza zenye sampuli za miaka zaidi ya 20. Katika nchi za ukanda huu ambazo kampeni bado haijafika, mikoa mingi haina hata chupa moja ya kuoteshea, na sampuli za kabla ya chanjo zinaweza kukusanywa mpaka siku ile ya kampeni tu.